Boksi la huduma ya kwanza kwa mbwa wa Dodoma: kipi kiingie, kipi kibaki dukani

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mtumishi, nimehamia Ihumwa baada ya kumaliza kujenga. Nina mbwa dume wa ulinzi, ana miaka mitatu, na jike aliyezaa. Watoto wake watano sasa wana wiki sita. Juzi usiku dume alirudi na majeraha kwenye paja, nadhani alipigana na mbwa wa huko porini. Ndani sikuwa na hata pamba. Nilimmwagia spiriti, akaruka, na jino likanikwaruza mkononi, si sana. Nimeamua kuandaa boksi la huduma ya kwanza, ila orodha niliyoikuta mtandaoni ina vitu zaidi ya arobaini na vingine sijui hata vinauzwa wapi. Niweke nini hasa? Na dawa zetu za nyumbani, kama Panadol, zinaweza kuwasaidia?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Boksi tutalifikia. Lakini kuna jambo umeliandika kwa kupita tu, na kwangu ndilo zito kuliko mengine yote: jino lililokukwaruza. Mbwa wako alikuwa ametoka kung'atana na mbwa usiyemjua. Mate ya yule mwingine yalikuwa kwenye majeraha, pengine na kwenye mdomo wa mbwa wako. Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, na ngozi ikishachubuka hakuna cha "si sana". Osha mkono sasa hivi, hata kama zimepita siku mbili, kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu nenda hospitali leo hii. Waeleze kama ulivyonieleza mimi. Wao ndio watakaoamua kuhusu chanjo ya kichaa, na ya pepopunda pia. Wakikuanzishia, maliza sindano zote kwa tarehe watakazokuandikia. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba ya kutegemewa; chanjo ikiwahi kabla ya dalili inakinga vizuri sana. Usikae nyumbani ukisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Dume naye apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kama kadi yake ya chanjo bado haijaisha muda, atachomwa nyingine ya kuongezea kinga mara moja. Kama hajawahi kuchanjwa, afisa mifugo wa kata lazima aambiwe, kwa sababu virusi vya kichaa vinaweza kukaa kimya mwilini kwa wiki kadhaa au hata miezi. Mtenge na watoto, mlishe na mnyweshe bila kumshikashika, na usikubali jirani mwenye huruma ya haraka akushauri apigwe risasi. Mbwa aliye hai na anayeangaliwa anatupa majibu. Akishauawa na kufukiwa tumeyapoteza.

Sasa boksi.

Kazi yake ni kumfikisha mbwa kwa daktari akiwa hai, bila kuumia zaidi, na wewe ukiwa hujang'atwa. Halitibu. Ukilishika hilo, orodha ya vitu arobaini inajipunguza yenyewe. Orodha nyingi za namna hiyo zimeandikwa kwa ajili ya mbwa wanaolala sebuleni Ulaya na Marekani. Hazina habari za mbigiri, swila, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyomiminwa kwenye chupa ya soda.

Tuanze na chombo. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, kwa sababu vumbi la kwetu linapenya hata penye zipu. Usiliweke kwenye gari wala kwenye stoo iliyoezekwa bati bila dari. Dawa nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 25 au 30, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja gari lililofungwa mchana linapita hapo kwa mbali. Rafu ya juu chumbani inatosha, mahali watoto wako wa kuzaa hawafiki.

Cha kwanza kuingia ni vitu vya kukulinda wewe: glavu, boksi zima na si jozi moja, pamoja na ukanda wa kumfungia mbwa mdomo. Ukanda usinunue. Chana khanga iliyochakaa, upana wa vidole vitatu, urefu wa mita moja na nusu. Mbwa mwenye maumivu anang'ata hata mkono unaomlisha, na hapo hana kosa. Tengeneza kitanzi kilegevu kwa fundo moja, simama ubavuni mwake na si mbele ya uso, kipitishe puani hadi katikati ya taya, kaza fundo likiwa juu ya pua. Shusha ncha mbili chini ya kidevu, zipishane, zipeleke nyuma ya masikio, funga fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Zoezi hili lifanye siku ambayo mbwa ni mzima, umpe na kipande cha dagaa baada yake, ili siku ya shida usiwe ndiyo kwanza unajifunza. Mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, aliyezidiwa na joto au aliyezimia usimfunge mdomo. Anahitaji kuhema kupitia humo.

Kisha kipimajoto, kile cha kidijitali cha kawaida cha duka la dawa za binadamu, na kopo dogo la vaselini. Kwenye kipimajoto andika "MBWA" kwa kalamu ya wino usiofutika, maana kinaingia sehemu ya haja kubwa. Mbwa mzima akiwa ametulia huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2. Wengi hushika pua. Pua kavu haikwambii kitu. Akifika 40 mpigie daktari, akifika 41 uwe tayari uko njiani. Ukiwa hapohapo inua mdomo wake wa juu uangalie fizi: ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole, paache, hesabu. Weupe unapaswa kuondoka ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe maana yake damu imepungua au haifiki, iwe kwa kutoka nje, kutokea ndani, minyoo au homa ya kupe. Fizi za njano ni ini, au chembe za damu zinazoharibiwa. Kwa simu, taarifa hizi mbili, joto na rangi ya fizi, zinanisaidia kuliko maelezo marefu ya "amepooza tu, hana raha".

Kwa majeraha weka gozi nyingi, bandeji za kitambaa za upana tofauti, plasta pana, mkasi usio na ncha kali, sirinji kubwa ya mililita 20 au 50 isiyo na sindano, na chupa ya povidoni ayodini, ile dawa ya kahawia. Pamba iwe ya kuwekea juu ya gozi tu. Ukiigusisha kwenye kidonda kibichi nyuzi zake zinabaki ndani. Spiriti itoe kabisa. Inaunguza nyama mbichi, inachelewesha kupona, na kama ulivyoona, inamgeuza mbwa mpole kuwa adui. GV nayo siipendi kwenye jeraha la kung'atwa: inapaka kila kitu zambarau na mimi nikija sioni nyama iliyo hai na iliyokufa.

Kuoshea, nunua maji chumvi ya dripu ya nusu lita. Usipopata, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe. Vuta kwa sirinji, sukumia ndani ya jeraha kwa nguvu ya wastani, rudia mpaka maji yatoke safi. Ayodini izimue kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea, ndipo uipitishe. Paja la dume wako lina hatari ambayo huioni kwa nje: jino la mbwa linatoboa tundu dogo, kisha mbwa anatikisa kichwa na nyama inachanika chini ya ngozi. Nje panafunga haraka, ndani panaoza. Kwa hiyo tundu la meno haliungwi gundi wala halishonwi nyumbani. Linaoshwa, linafunikwa kilegevu, na mbwa anaonwa ndani ya siku moja.

Damu inayomwagika haihitaji dawa, inahitaji mkono. Kandamiza gozi kwa dakika kumi bila kuchungulia. Ikilowa ongeza nyingine juu yake, usiitoe ya chini. Ukimaliza kufunga bandeji ya mguu, vidole viwili vipite chini yake, na ncha za kucha zibaki nje ili uone kama zinavimba au kuwa za baridi. Nimeona miguu iliyopotea kwa sababu ya bandeji iliyokazwa, si kwa sababu ya jeraha lenyewe. Kucha ikikatika na kuvuja damu, bana unga wa mahindi mkavu hapo kwa dakika chache.

Kibano chenye ncha nyembamba ndicho utakachokitumia kuliko kitu kingine chochote humu, nakuhakikishia. Mvua zikiisha na nyasi kukauka, mbigiri zinatapakaa kwenye viwanja vyote vya huko Ihumwa, na miiba ya migunga ipo mwaka mzima. Mbwa anayechechemea na kulamba mguu mmoja, mlaze, tanua katikati ya vidole kwa mwanga wa tochi, vuta mwiba kufuata njia uliyoingilia. Uliovunjikia ndani kabisa, ulio kwenye kiungo au karibu na jicho usiuchokoe.

Kibano hichohicho ni cha kupe. Mbane karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja bila kuzungusha, mtumbukize kwenye kikopo chenye spiriti (hapo spiriti imepata kazi yake). Usimchome kwa njiti ya kiberiti, usimpake mafuta ya taa, usimpasue kwa kucha. Na hapa niseme kwa nguvu: dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya mbwa kwa kukadiria. Amitrazi na dawa za jamii ya fosfeti zikichanganywa kali zinamwingia mbwa kwenye ngozi na kwa kujilamba. Wa amitrazi anasinzia, anayumba, mapigo ya moyo yanashuka; wa fosfeti anatoa mate, anatetemeka, anajikojolea. Vaa glavu, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, mkimbize. Watoto wa wiki sita wasiguswe na dawa hizi hata tone. Kuhusu ivermektini, ile sindano ya minyoo na wadudu wa ngozi ambayo kila duka la dawa za mifugo linayo na kila jirani anajua kuichoma: imepimwa kwa ajili ya ng'ombe wa mamia ya kilo. Tone la ziada kwa mtoto wa mbwa wa kilo mbili ni jambo jingine.

Umeuliza kuhusu Panadol. Usimpe. Ibuprofeni na diklofenaki ndizo mbaya zaidi: zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na dozi ya kumdhuru si kubwa. Panadol ikizidi inaharibu ini na damu, na kama una paka, kidonge kimoja kinaweza kummaliza. Zipo dawa za maumivu za mbwa, zinatolewa kwa uzito na baada ya kumpima. Mbwa aliyeumia sana akikaa saa mbili na maumivu yake ukiwa unamleta, ni afadhali kuliko kufika na maumivu yamepungua na figo zimesimama. Vivyo hivyo, dawa za matone ya macho zilizobaki nyumbani zisiingie humu. Baadhi zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na jicho lenye kidonda likiwekewa steroidi linaweza kupasuka.

Jicho linanileta kwa swila. Mbwa anapenda kumbwekea nyoka uso kwa uso, na swila anatema sumu akilenga hukohuko. Utamwona mbwa kafumba jicho, analisugua kwa mguu, machozi na mate vinachuruzika. Usitafute maziwa wala mkojo, maji ndiyo dawa. Mtu mmoja amshike, mwingine atanue kope kwa vidole na kumimina maji safi au maji chumvi, polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 15 hadi 20 bila kukatisha. Dakika tano za mwanzo ni vurugu, endelea, atatulia. Kisha daktari, siku hiyohiyo, kwa sababu kioo cha jicho kinaweza kuwa kimechubuka.

Nyoka aina ya kifutu ni habari nyingine. Anang'ata, mara nyingi puani au mguuni, na uvimbe unakua huku unautazama. Vua ukanda wa shingo kabla haujabana. Mbebe, asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba juu ya jeraha, na jiwe la nyoka libaki lilipo. Haliwezi kunyonya sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Nyoka akionekana mpige picha kwa mbali kama inawezekana, usimfukuze kichakani.

Kwa sumu nyingine, boksi lako litakuwa na vitu vichache kuliko unavyotarajia. Weka simu yenye salio na mfuko safi wa kubebea pakiti ya sumu au matapishi. Baadhi ya orodha zinataja haidrojeni peroksaidi ya kumtapisha mbwa. Mimi sikushauri uiweke. Inayofaa ni ya asilimia 3 tu, madukani zipo zenye nguvu zaidi zenye chupa zinazofanana, na mbwa aliyemeza mafuta ya taa, asidi, au aliyeanza kutetemeka akitapishwa anaweza kufia mikononi mwako. Maji ya chumvi ya kumtapisha ndiyo kabisa. Chumvi yenyewe inaua. Maziwa hayazimui sumu, na mafuta ya kula yanaweza kusaidia baadhi ya sumu kupenya haraka. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule mkaa wa dawa. Ule umetengenezwa kunasa sumu, wa jikoni unampa mbwa mdomo mweusi tu. Mkaa wa dawa ukiupata duka la dawa uweke, ila usiutumie mpaka daktari akwambie kwa simu, na kamwe si kwa mbwa asiyeweza kumeza vizuri.

Sumu ya panya ziko za namna mbalimbali, ndiyo maana nataka pakiti. Zile zinazozuia damu kuganda hazionyeshi kitu siku ya kwanza. Mbwa anakula, anacheza, halafu siku ya tatu au ya nne fizi zinakuwa nyeupe na damu inaonekana puani au kwenye kinyesi. Zina dawa yake, vitamini K1, na ikiwahi mbwa anapona. Zile za zinki fosfaidi zinatoa gesi ya hatari zikikutana na asidi ya tumboni: mbwa asilishwe chochote, na akitapika ndani ya gari shusha vioo vyote, kwa sababu gesi hiyo inawaumiza na binadamu.

Halafu kuna zabibu. Sijui kama wageni wengi mnaohamia huku mnaambiwa, na wenyeji wengi pia hawajui: zabibu ni sumu kwa mbwa. Wakati wa mavuno, ambayo hapa Dodoma huja mara mbili kwa mwaka, matunda yanauzwa kila kona, na kuanzia Hombolo hadi Mpunguzi na Mvumi kuna mashamba ambayo mbwa wanapita chini ya matawi. Mbwa mmoja anakula kikapu na hapati kitu, mwingine anakula chache na figo zinafeli ndani ya siku moja hadi tatu. Hatuwezi kujua mapema ni yupi. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa Marekani walitoa hoja kwamba mhusika ni asidi ya tatariki, ambayo kiwango chake hutofautiana kati ya zabibu na zabibu. Hoja hiyo inaeleza vizuri kwa nini matokeo hayatabiriki. Asidi hiyohiyo imejaa kwenye ukwaju, kwa hiyo juisi ya ukwaju na makapi yake visimwagwe bakulini mwa mbwa. Makapi ya zabibu yaliyokamuliwa mvinyo ni mabaya mara mbili, yana na kilevi. Zabibu kavu za kwenye pilau au keki zimekolea zaidi kuliko mbichi. Mbwa wako akizila usisubiri dalili: ndani ya saa mbili za mwanzo daktari anaweza kumtapisha kwa usalama, na baada ya hapo tunabaki kupigania figo kwa dripu.

Kwa kuwa tumeingia kwenye chakula: mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe kuwa "unga wa mbwa". Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na ini la mbwa nalo ni dhaifu mbele ya sumu hiyo ya ukungu.

Joto. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa penye kivuli kinachohama ndiye ninayemwona Oktoba na Novemba. Anahema kwa fujo, mate mazito, fizi nyekundu sana, anayumba. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na miguuni, mpepee mfululizo. Usimfunike taulo bichi ukaliacha, linageuka blanketi. Pima joto kila dakika chache, likishuka hadi 39.5 acha kumwagia, ondoka naye. Hata akisimama na kutikisa mkia bado anahitaji kuonwa, kwa kuwa madhara ya figo na damu kuganda vibaya hujitokeza baadaye.

Watoto watano wa wiki sita wanahitaji kona yao ndani ya boksi, na hapa ndipo ningetumia pesa kwanza kama bajeti ni ndogo. Mbwa mkubwa ana akiba mwilini, mtoto hana. Anakufa kwa mambo matatu: baridi, sukari kushuka, na maji kuisha mwilini, na yote yanaweza kumpata ndani ya usiku mmoja. Weka pakiti ya glukosi ya unga, pakiti kadhaa za ORS (ile chumvichumvi ya kunywa ya mtu anayeharisha), sirinji za mililita 5 zisizo na sindano, na mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Mpime kila mtoto kila siku saa ileile na uandike. Mtoto asiyeongezeka kwa siku mbili ni mgonjwa hata kama bado anacheza.

Ukimkuta mtoto mmoja amelegea, wa baridi, kichwa kinaning'inia, mpashe joto kwanza kabla ya kumlisha. Utumbo wa mtoto aliyepoa haufanyi kazi, na maziwa utakayomsukumia yatamwozea tumboni au kuingia mapafuni. Jaza chupa ya plastiki maji ya uvuguvugu, izungushie khanga, mlaze ubavuni mwake, au mweke kifuani mwako ndani ya nguo. Wakati anapata joto koroga glukosi kwa matone machache ya maji na umpake kwenye fizi kwa kidole. Inanyonywa hapohapo hata akiwa hamezi. Juni na Julai, upepo wa usiku wa Dodoma unapopita chini ya mlango wa banda, kazi hii utaifanya hata kwa watoto walionenepa. Ukiwapima joto kumbuka kwamba mtoto wa wiki ya kwanza kwa kawaida ana nyuzi 35 hadi 37, na anafikia kiwango cha wakubwa akikaribia mwezi mmoja. Wako wa wiki sita akiwa chini ya 37.5, ni baridi.

Kutapika na kuharisha kwa mtoto wa umri huu, hasa kukiwa na harufu kali na damu, nakuomba ukuchukulie kuwa ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, mpaka daktari aseme vinginevyo. Usimpe metronidazoli iliyobaki kwenye droo, wala dawa ya kufunga kuharisha. Akiwa hatapiki, ORS mililita 5 kila dakika 15 inamshikilia mkiwa njiani. Akitapika usimpe kitu kwa mdomo. Mtenge na wenzake, na sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni kisha kwa jiki, sehemu moja ya jiki kwa 30 za maji, iachwe dakika kumi. Dawa nyingi za kupigia deki haziui virusi hivi, na vinaweza kukaa uani kwa miezi mingi. Wiki sita hadi nane ndio umri wa kuanza chanjo ya parvo na magonjwa yanayochanjwa pamoja nayo, inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi mtoto afike wiki 16. Ya kichaa wakitimiza miezi mitatu. Kama bado hujawapa dawa ya minyoo, umechelewa kwa mwezi mzima, lakini anza wiki hii, kwa dozi ya uzito wa kila mmoja.

Dawa za kuua vimelea vya ndani ya mwili, sindano, antibayotiki: humu hazina nafasi, hata kama muuza duka atakwambia kila mfugaji anazo.

Ndani ya mfuniko bandika karatasi. Andika uzito wa kila mbwa (mkubwa mbebe upande naye mizani ya bafuni, kisha toa uzito wako), tarehe za chanjo, namba ya daktari wako wa mifugo, ya afisa mifugo wa kata, na ya daktari wa pili kwa siku ambayo wa kwanza yuko safarini. Namba hizo zijaribu mchana ujue kama zinapokelewa usiku. Kila baada ya miezi mitatu angalia tarehe za kuisha muda. Ayodini iliyofunguliwa muda mrefu na maji chumvi yaliyofunguliwa jana usivihurumie, mwaga.

Jambo la mwisho ni usafiri, maana kutoka Ihumwa hadi mjini usiku si kila mtu atakubali kukupakia na mbwa anayevuja damu. Tafuta dereva wa bajaji au wa gari mmoja, mkubaliane mapema nauli ya usiku na pesa ya kuoshea kiti, uchukue namba yake. Kunja shuka zito la zamani uliweke juu ya boksi. Mbwa aliyegongwa habebwi kwa makwapa. Analazwa kwenye shuka, watu wawili wanashika pembe nne, anainuliwa kama alivyo mpaka ndani ya gari, na hapewi maji njiani hata akiyaomba.